Matanga ya Koksineli

Bon, acha niiseme mimi mwenyewe, kwa sababu ku Mabanga, mutaa wetu hapa Goma, sasa kila mutu anaisimulia vile anataka, na juzi ku robine ya maji mama moja alinieleza mimi (mimi mwenyewe, hakujua anaongea na nani) kwamba kulikuwa hata na jeneza. Jeneza haikuwepo. Aibu ilikuwepo, ndiyo, aibu ya kugawia avenue nzima na ikabakia, nilishikwa na uongo mbele ya watu wote wa Mugunga, nimevaa kombinezo ya kazi ya bwana yangu, firimbi mu kinywa, nimesimama juu ya kiti, yote nakubali. Lakini jeneza, hapana. Na kama unangojea niisimulie nikiwa nimeinamisha kichwa, utangoja sana, juu hii shingo yangu haijajifunza.

Mimi ni Mama Ombeni, fundi wa kushona, mashini yangu iko ku baraza na kila mwenye anapita anaijua sauti yake. Watu wetu ni wa upande wa Bukavu. Bwana yangu, Papa Ombeni, alikuwa fundi wa magari mpaka siku Mungu alimuita, sasa ni mwaka wa ine, na aliniachia mutoto mumoja, Ombeni, mwenye anafanya kazi Kisangani, na gari moja, koksineli, ile gari ndogo ya mugongo wa mviringo, motere iko nyuma na mizigo iko mbele, rangi ya maziwa. Aliinunua ikiwa imekufa, akaifufua kidogo kidogo, jioni kwa jioni, kila kitu kikapona isipokuwa demarere, ile ya kuwashia, ile ilikataa mpaka mwisho. Kwa hiyo nilisukuma ile gari miaka kumi na moja. Kila asubuhi yeye ndani ameshika volani, mimi nyuma, mikono juu ya motere, tunashuka avenue, na wakati inashika inaniachia moshi mu uso na yeye anapiga honi mara mbili, ndiyo aksanti yake, halafu anaenda kazi na mimi ninarudi kunawa.

Alipokuwa mutoto ku Bukavu, baba yake alimubeba ku mabega kwenda kuona magari yakishindana, na ile siku haikumutoka mu kichwa. Tukila, ananisimulia. Tukilala, ananisimulia, anaiga mpaka mulio wa motere na mimi ninamuambia jirani watasema tunapigana. Aliniahidi siku moja atanipeleka nione na macho yangu, na si kuona tu, atakuwa ndani, koksineli ikimaliza mbele ya watu. Alikufa kabla ya kuitimiza, na gari ikabakia mu uwanja chini ya bashi, turubai ya zamani, kuku ikaingia ndani kutaga.

Sasa lazima nikueleze habari ya shirika, juu bila hiyo hautaelewa kitu. Shirika ni ile jamaa ndogo ya wakristu wa avenue, jumapili nyuma ya misa tunakutana kwa mumoja wetu, kwa zamu, tunasali, tunakunywa chai. Lakini kazi yake kubwa ni matanga. Mutu akikufia, kabla machozi yako ikauke bamama wamekwisha kufika na sufuria, kuni, mikeka na nyimbo, na hawaulizi kitu. Papa Ombeni alipokufa walilala kwangu siku saba, walinipikia, walinivalisha, usiku nikishituka kuna mukono wa mutu ku mugongo wangu. Ile sitaisahau. Mutu asiye na shirika mu hii muji, siku yake ikifika, nani atamukalia matanga? Ni swali lenye linamuamsha kila mama wa umri wangu.

Lakini bamama hao hao, wenye roho nzuri, tangu siku ya makumi ine wananiambia niuze gari. Kwa kilo, kama chuma. Wanasema inanizuia kusahau, wanasema mujane mwenye kulinda gari yenye haitembei anatafuta ugonjwa wa kichwa. Mimi ninakanyaga mashini. Nani aliwaambia ninataka kusahau?

Basi siku moja Justin anakuja. Justin alijifunza kazi kwa bwana yangu, leo ni fundi mukubwa, ana garaji yake na watoto wane. Akakaa ku kiti ya wateja, akazungusha maneno, habari ya Ombeni, habari ya mvua, mpaka nikamuambia aseme yenye imemuleta. Akasema wenye magari ya zamani wa Goma na Bukavu wamepatana kufanya wikendi nzima ku Mugunga, kule mwisho wa muji, jumamosi kuonyesha, jumapili kushindana, na gari yenye haijafika miaka makumi tatu haikubaliwi. Akaangalia ile bashi mu uwanja. «Mama,» akasema, «ya Papa inaweza.» Nilisimama nikaenda kutoa kuku.

Alifanya kazi majuma tatu mu uwanja wangu, kila kitu kikapona tena isipokuwa demarere. Majirani walidhani anaitengeneza juu nimepata mununuzi, wakafurahi, wakanipongeza, na mimi sikuwasahihisha (kunyamaza si kudanganya, hivyo nilijiambia, na mpaka leo sijui padri angesema nini). Shida ni moja tu. Ile jumapili ya magari ilikuwa zamu yangu kupokea shirika.

Ijumaa Mama Prezidanti akapita kunikumbusha. Mama Prezidanti wa shirika yetu ni mutu wa Butembo, ametembea biashara za mbali maisha yake yote, anaongea kidogo, na akikuangalia unajikuta unahesabu zambi zako hata zenye bado haujafanya. Nikawaza haraka. Nikisema niko mugonjwa, watakuja na machungwa kunikalia ku kitanda. Nikisema niko na safari, atauliza wapi na kwa nani. Nikisema ukweli, kwamba ninaenda kuangalia koksineli ya marehemu ikikimbia, atawaita wengine na jioni hii hii watanikalisha katikati yao kwa mashauri. Na kinywa yangu, bila kuniomba ruhusa, ikasema:

«Jumapili niko na matanga ku Mugunga.»

Sikusema nani amekufa. Sikiliza vizuri, juu hapo ndipo watu wananisingizia: sikuua mutu. Nilisema matanga tu, neno moja, juu nilijua matanga haiulizwi. Mama Prezidanti akanishika mukono, akaufinya kidogo, akasema pole, akaenda zake, na mimi nikajiona mwenye akili kupita Sulemani.

Jumamosi nilienda kuonja. Magari yalikuwa yamepangwa ku kiwanja ya mawe nyeusi, landrova zenye zilibeba mapadri wa zamani, taksi za wakati ya wazee wetu, lori moja ndogo yenye pua ndefu, na karibu ya kila gari muzee mumoja na kitambaa, anapangusa mahali penye pamekwisha kung'aa. Koksineli yetu ilipewa namba tisa. Watu walikuja kuigusa, wananiuliza historia yake, na mimi niliongea, eh, niliongea mpaka sauti ikapasuka, miaka ine sikupata mutu wa kuniuliza habari ya ile gari isipokuwa bei ya kilo.

Jumapili nikasali misa ya kwanza, ile ya alfajiri, ku paroki ingine penye hawanijui. Nikazima simu. Nikavaa kombinezo ya Papa Ombeni, ile ya bulu, nimeipunguza mimi mwenyewe ku miguu lakini mafuta nyeusi ku mifuko niliyaacha, nikafunga kitambaa ku kichwa, na firimbi ya Ombeni ya wakati wa skuli nikaitia ku shingo. Nilijiangalia mu kioo nikacheka peke yangu. Nilikuwa muzuri, utake usitake.

Sasa wewe mwenye haujaona magari ya zamani yakishindana, usiniambie umeyaona ku televizyo. Televizyo haina harufu. Walikuwa wamefunga kipande cha barabara, magari yanaondoka matano matano, yanaenda kuzunguka mapipa kule mbali na kurudi, mara ine, na mwisho ni mustari wa chokaa wenye walichora mbele ya bashi penye tumekaa. Yakipita mbele yako hausikii na masikio, unasikia hapa ku kifua, mawe madogo yanakurukia, vumbi nyeusi inakuingia mu meno, na wale wenye kusukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, juu barabara imefungwa, wameegesha mizigo yao pembeni na wanahukumu kila gari kama wajuzi: ile inakunywa mafuta sana, ile dereva wake anaogopa kona. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti ya plastiki. Mama wa miaka makumi tano na sita. Nilipiga firimbi mpaka muzee mwenye alikuwa karibu yangu akahama.

Na koksineli ilikuwa ya tatu. Ya tatu kati ya tano, unasikia? Duru ya kwanza ilishika nafasi ya nne, duru ya pili ya tatu, duru ya tatu ikabakia pale pale, Justin ameinama juu ya volani kama vile Papa Ombeni alikuwa anainama, na mimi ninasema peke yangu, duru moja, Mungu wangu, duru moja tu, imalize nione.

Yenye inafuata nilielezwa baadaye. Bamama walinipigia simu toka asubuhi, wakakuta imezimwa, na simu ya mutu mwenye matanga ikizimwa maana yake ni kwamba analia vibaya. Mama Prezidanti akasema hatuwezi kumuacha peke yake kule. Wakakodi taxi-bus. Wakapika maharagi sufuria kubwa, wakafunga kuni, wakavaa pagne za kitenge za shirika, zile nyeupe za maua bulu zenye nilizishona mimi mwenyewe, bamama kumi na mbili, wakashika njia. Njia ya muongo ni fupi, wanasema. Yangu ilianzia Mabanga ikafika mpaka Mugunga, na waliifuata yote.

Hawakujua nyumba. Lakini mu Goma nani anaulizaka nyumba ya matanga? Unatafuta bashi, viti vya plastiki, watu wengi na magari yamesimama pembeni. Wakauliza mutu wa moto, mwenye kubeba watu ku pikipiki, akawaonyesha, na walipofika waliona bashi, viti, watu, na magari ya wazee wa heshima, tena ya zamani, wakajua marehemu alikuwa mutu mukubwa. Tena viti vilikuwa na alama ya rangi nyekundu ku mugongo, alama ya yule mama mwenye anakodisha viti kwa matanga zote za upande wetu, wanazijua kama watoto wao. Hawakuwa na mashaka hata kidogo. Wakashuka upande wa pili wa barabara, wakajifunga vitambaa ku kiuno, Mama Zawadi (ndiye mwenye sauti, bila yeye hakuna kilio) akaanzisha wimbo, na wakaingia.

Utaniuliza, hakukuwa kamba? Kamba ilikuwepo. Polisi mumoja alikuwa analinda kamba, asubuhi yote amefukuza watu, mbuzi, hata musaidizi wa shefu wa mutaa. Lakini alipoona bamama wamepanga mustari na sufuria ku kichwa wanaimba wimbo wa wafu, akafanya yenye kila mutu mwenye adabu angefanya. Akatoa kofia. Akainua kamba.

Mimi niliwaona wakati walikuwa katikati ya barabara. Kwanza niliona pagne, nikasema eh, kazi yangu hiyo. Halafu nikaona nani iko ndani ya pagne. Na nyuma yao, kutoka ku mapipa, duru ya mwisho, magari mawili yalikwisha kupita, na ya tatu inakuja, rangi ya maziwa.

Justin alikanyaga fre, ile breki, mpaka mwisho. Gari ikalia, ikateleza kidogo upande, ikasimama mbali nao, hakuna mutu aliguswa, hata sufuria haikumwaga, Mungu atukuzwe. Lakini ilizimika. Hatua makumi tatu toka mustari wa chokaa, ikazimika, na wewe mwenye umesikiliza vizuri unajua ile gari ikizimika haijiwashi.

Nikaruka toka ku kiti. Nilikuwa ninaenda ku gari, lakini bamama waliniona, na fikiria yenye waliona: mwenzao mujane, mu nguo ya marehemu bwana yake, vumbi mu uso, firimbi ku shingo, anakimbia akipiga kelele. Wakasema uchungu umemupandia ku kichwa. Mama Zawadi akanirukia, akanikumbatia, wengine wakanishika mikono, wakanitandikia mukeka pale pale ku barabara na kunikalisha kwa nguvu, na kila nikisema niacheni, gari, gari, wanalia zaidi na wanasema, mumusikie maskini, marehemu aligongwa na gari. Nilipigana nao. Mimi mwenyewe nimeshika wafiwa wangapi vile, ninajua hautoki.

Halafu kijana wa mikro, mwenye kutangaza mashindano. Asubuhi yote anapiga mizaha, sasa akaona mukeka, akaona machozi, akapunguza sauti, akatangaza kwamba familia moja iko na msiba, na akaomba kila mutu asimame, dakika moja ya kunyamaza. Wakasimama wote. Wazee wa magari, watoto ku ukuta, watu wa chukudu wakatoa kofia. Mugunga nzima ikanyamaza kwa heshima ya marehemu yangu. Na mu ile kimya kitu kimoja tu kilisikika, demarere ya koksineli, ngri, ngri, ngri, Justin anajaribu, inakataa.

Mama Prezidanti akachuchumaa mbele yangu. Kijana wa mikro, kwa adabu yake, akaisogeza karibu ili watu wote wasikie.

«Mama Ombeni, tuambie jina ya marehemu, tumuombee.»

Ningeweza kutaja jina. Sitakuficha, jina ilikuja mpaka ku ulimi, ningeua mujomba mumoja wa mbali na mambo ingeisha, tungekula maharagi na ningerudi nyumbani na heshima yangu. Lakini nilimuangalia macho, machozi ilikuwa imemujaa, yeye mwenye haliaka, na nikakumbuka ule mukono ku mugongo wangu usiku.

«Hakuna mutu amekufa,» nikasema, na mikro ikaipeleka mpaka ku ziwa.

Alibakia amechuchumaa. Wimbo ulikwisha kukatika. Akauliza, sauti ya chini kabisa: «Basi tumelia nani?»

Hapo mikono yao iliniachilia, na nikasimama, na kama ni kasirani ama ni aibu mimi sijui, zilitoka pamoja. «Miaka ine munaniambia niuze hii gari,» nikasema. «Ningewaambia ninakuja kuiona ikikimbia, mungenifunga kamba. Nimewadanganya, ndiyo, na ni vibaya. Lakini ile iko pale ni gari ya Papa Ombeni na imezimika kwa sababu yangu, na mimi ninaenda kuisukuma. Mwenye anataka kunifukuza mu shirika, anifukuze kesho.»

Nikaenda. Sikugeuka. Nikaweka mikono juu ya motere, mahali pangu, chuma ilikuwa ya moto inaunguza, nikasukuma. Tairi hazikutikisika. Nikasukuma na bega. Watu mia na mia wananiangalia na mikro iko wazi. Nitasema vile ilikuwa: niliona haya mpaka nikataka kufa kweli, angalau matanga iwe na mwenyewe. Lakini sikutoa mikono.

Kisha kando yangu nikasikia mutu anavuta makamasi. Mama Zawadi. Hakuniangalia, aliweka mikono tu, bado analia, juu yeye akianza kilio lazima akimalize. Halafu mwingine. Halafu mwingine, wengine wamekasirika kabisa, moja ananitukana ku sikio na kusukuma wakati moja. Bamama kumi na moja na mimi, na ile gari haiendi, tunateleza na viatu vya misa. Mama Prezidanti peke yake alibakia pembeni, sufuria ya maharagi ku mikono, anatuangalia kama mutu anaangalia biashara ya hasara. Akasogea ku dirisha.

«Justin,» akasema, «toa fre ya mukono.»

Akatoa. Gari ikaenda karibu tuanguke wote. Tuliisukuma hatua zile makumi tatu, tukaipitisha ku chokaa, na mbele kidogo ya chokaa ikashika, bum, moshi yote nyeusi mu uso wa bamama kumi na mbili wa shirika na juu ya pagne nyeupe za maua bulu, na mu ile moshi, wakati sioni kitu, nikasikia honi. Mara mbili.

Hapo ndipo nililia. Nilikaa chini ku barabara nikalia kama siku ya kwanza, na bamama wakapata mutu wa kushika mikono, kazi yenye iliwatoa nyumbani.

Kijana wa mikro akatangaza kwamba namba tisa imetolewa mu mashindano, juu imesukumwa na watu, ni kanuni. Sawa. Haikuhesabiwa, kanuni ni kanuni, waandike vile wanataka mu karatasi yao. Mimi nilikuwa pale, niliona tairi ya mbele na tairi ya nyuma zikivuka chokaa, na bado kuna chokaa ku kiatu changu sijapangusa. Maharagi ililiwa na madereva, na watu wa chukudu, na yule polisi wa kamba mara mbili. Mama Prezidanti hakukula. Mu taxi-bus ya kurudi nilikaa peke yangu nyuma, hakuna mutu alinisemesha mpaka Mabanga.

Jumapili yenye ilifuata shirika ilikutana kwangu, juu zamu ni zamu, na walinihukumu mu nyumba yangu mwenyewe, wakikunywa chai yangu. Wawili walitaka nitolewe. Nilipiga magoti mbele ya Mama Zawadi, juu ya machozi yake, machozi ya bure ni deni mbaya, na niliomba musamaha juu ya kutumia neno ya matanga, niliomba vizuri, bila kujitetea. Lakini waliponitaka niombe musamaha juu ya kuenda ku magari, nilikataa. Nilisema ile hapana. Munifukuze, nitazikwa na watu wa chukudu.

Mama Prezidanti ndiye alikata. Mwaka muzima, kila matanga ya shirika, mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na kuni nitabeba mimi, ku kichwa changu. Na siku nikisema tena niko na matanga, nilete jina, nyumba, na mutu wa kushuhudia. Nilikubali, na ninabeba, ile juma imepita nimebeba mara mbili, shingo inaniuma sasa hivi nikikusimulia. Matanga sitaitania tena maisha yangu yote, ile nimeapa mbele ya musalaba. Lakini magari yakirudi, ninaenda, na safari hii nitaitangaza ku misa kubwa kama ndoa.

Jana Mama Prezidanti akapita kwangu. Sikumungojea, tangu ile hukumu ni salamu tu. Akafungua mufuko, akatoa kitambaa, kigumu, cha bulu kama cha kombinezo, metre tatu, akakiweka juu ya mashini yangu bila kusema ni cha nini. Na mimi sikuuliza, juu kuna vitu haviulizwi. Nilichukua metre nikamupima kifua, mikono, urefu wa miguu, ninaandika ku daftari. Alipofika ku mulango akageuka.

Alisema tu niiache pana ku mabega, juu ya kusukuma.